Shata Ilipochoka Kuubeba Ukuta

Ukuta wa hoteli ulikuwa mweupe kuliko kitu kingine chochote kijijini, kwa hiyo ndio uliokuwa studio ya Mwanafatuma. Asubuhi ya Alhamisi moja, mwaka wa tisini na tisa, wiki moja kabla ya mwezi wa Shaaban kuandama, aliwapanga wasichana saba mbele yake, warefu nyuma na wafupi mbele, akamwambia wa pembeni amalize kwanza hamri lililokuwa mdomoni. Kisha akabonyeza. Kuku wa mama yake, aliyekuwa ameuegemea ukuta kutafuta kivuli, akaangukia upande wa pili.

Hakuna aliyepiga kelele. Wasichana walikuwa wameambiwa wasitikisike, nao hawakutikisika. Mwanafatuma alikwenda akaupapasa ukuta pale kuku alipokuwa, akaukuta ni ukuta, akarudi nyumbani kumwambia mama yake kwamba kuku ameingia hotelini.

"Yule wa madoa?" aliuliza Bibi Mejumaa.

"Wa madoa."

"Basi ameshaliwa."

Hakukosea. Jumamosi yake Cornelius, bawabu wa lango la hoteli, alipita kuwapa pole. Alisema ilikuwa supu, na kwamba wageni waliisifu.

Mwanafatuma alikuwa na miaka thelathini na sita. Aliolewa mara mbili na kuachika mara moja na nusu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, maana mume wa pili alikwenda Omani na hajarudi wala hajatoa talaka. Kazi yake ya tangu ujana ilikuwa kuwapamba maharusi kwa hina na piko, na katika kazi hiyo aliona mengi, kubwa likiwa ni balaa la picha. Arusi za kule ni za wanawake chumbani na wanaume barazani. Bibi arusi hutolewa mbele ya wanawake wenzake, nywele wazi, mabega wazi, na hapana mwanamume anayechungulia. Lakini filamu zilipelekwa mjini kusafishwa, na waliozisafisha walikuwa wanaume. Mwaka mmoja bibi arusi wa Msambweni alikwenda mjini kununua viatu akajikuta dirishani mwa studio, mkubwa, anatabasamu, na wapita njia wanampa alama. Baada ya hapo wanawake walikaa miaka bila kupigwa picha. Mabinti waliozaliwa siku hizo wamekua hawajui mama zao walikuwaje siku ya arusi, na hilo ni jambo la kusikitisha, tusilifiche.

Ndipo akaja Mjerumani mmoja aliyekuwa akipiga picha za hoteli kwa ajili ya vitabu vya matangazo. Alikuwa na kamera isiyotaka filamu. Picha ziliingia katika disketi, ukichomeka waya unaziona kwenye televisheni, basi, hapana msafishaji. Mwanafatuma alimchora binti wa Mjerumani huyo hina mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na siku ya kuondoka Mjerumani akamwachia kamera ile. Alisema kwake imekwisha kazi. Mwanafatuma alidhani anafanya unyenyekevu.

Tangu siku hiyo hapakuwa na arusi kati ya Ukunda na Msambweni isiyomtaka. Alipiga picha, akarudi nazo kwa mama yake, wanaume wakatolewa nje, televisheni ikafungwa kwenye betri ya gari, na wanawake thelathini wakajipanga mkekani kujitazama. Walijicheka, walijisifu, walijililia. Bibi Mejumaa alikaa mbele kabisa kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, na alitoa maoni juu ya kila mtu.

Jioni ya siku ile ya kuku walikaa hivyo hivyo. Picha ya wasichana saba ilipotokea, ukuta haukuwamo. Nyuma ya wasichana palikuwa na majani yaliyokatwa vizuri, mwavuli wa manjano, na mbele ya mwavuli kisima cha mawe. Kuku alionekana angani, ametanua mbawa, anaelekea kwenye majani.

Wote waliinamia mbele. Si kwa sababu ya kuku.

"Sogeeni," alisema Bibi Mejumaa. Alikwenda mpaka kwenye kioo cha televisheni, akaweka kidole penye mdomo wa kisima. Jiwe lilikuwa limelika mfereji mdogo, upande wa kushoto. "Hii ni kamba ya mama. Mama alikuwa wa shoto."

Kisima kile kilichimbwa na mama yake kwa mikono yake na ya kaka zake wawili. Kila bibi arusi wa ukoo alioshwa kwa maji yake asubuhi ya arusi, na ndoa zilizooshwa pale, kwa mujibu wa Bibi Mejumaa, hazikuvunjika ila kwa kifo au kwa mamba. Mwaka wa themanini na saba alikuja mtu mwenye mkoba na karatasi iliyosema kiwanja kile hakina mtu. Bibi Mejumaa alikuwa akiteka maji wakati karatasi inasomwa. Alimaliza kuteka, akajitwika ndoo, akauliza kama karatasi ile inamwona. Mtu wa mkoba alisema haimwoni. Ukuta ulijengwa mwezi uliofuata, kwa mawe na saruji na vigae vya chupa juu yake, na tangu hapo maharusi waliogeshwa kwa maji ya mtungi wa plastiki. Mwanafatuma mwenyewe aliogeshwa hivyo, mara zote mbili, na matokeo mmeyaona.

Usiku huo Bibi Mejumaa alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia kidogo, kisha akaomba arudishiwe ile picha. Walimrudishia mara tisa.

Asubuhi Mwanafatuma aliipeleka kamera Ukunda kwa Kavumbi, Mkamba aliyekuwa fundi wa saa na redio karibu na njia panda ya uwanja wa ndege. Kavumbi alivaa kioo chake cha jicho moja, akaifungua, akaitazama kwa muda, akaifunga.

"Hii imechoka, mama," alisema. "Ndani kuna shata, ni kama kijimlango. Kila picha inajifungua mwanga uingie, halafu inajifunga. Sasa ona hii nambari kwa pembe ya picha. Elfu tisa mia nane na sabini na moja. Ni mlango gani kwa nyumba yako umefunguliwa mara elfu tisa?"

Mwanafatuma alifikiri. Labda wa choo.

"Na ukuta je?"

"Ukuta ni mzito. Shata ikiwa mpya inabeba chochote unaweka mbele yake. Ikizeeka inabwaga vitu vizito. Ikijifunga, inaviokota tena inarudisha pahali pake."

"Na watu?"

"Watu ni wepesi," alisema Kavumbi. Alikwisha kuanza kuichokoa saa ya mtu mwingine.

Alimweleza mambo mawili zaidi. La kwanza, shata inapochakaa huwa nzito kufungika, kwa hiyo kila picha itakaa wazi kidogo zaidi ya iliyotangulia. La pili, aliyeiunda kamera aliiwekea tarakimu nne tu. Ikifika tisa tisa tisa tisa, haina pa kwenda. Mwanafatuma alipiga hesabu njiani. Zilibaki picha mia moja na ishirini na nane, na Shaaban ilikuwa na arusi kumi na moja.

Arusi ya kumi na moja, ya mwisho kabla ya Ramadhani, ilikuwa ya Nusaiba. Nusaiba alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, amelelewa na bibi yake humo humo nyumbani, naye alikuwa anaolewa na Swafwan wa Bongwe, kijana muuza vipuri vya baiskeli ambaye hakuwa na kasoro ila kucheka kabla hajamaliza kusimulia.

"Nipe moja," alisema Bibi Mejumaa mwanawe aliporudi. "Nipe picha moja ya Nusaiba. Namtia ndani, namwosha, namtoa."

"Kuku alipita kwa kuwa ameegemea, mama. Wewe una magoti, hutawahi."

"Basi nipe ya mwisho. Si umesema ya mwisho ndiyo ndefu?"

Hapo ndipo palipomuuma Mwanafatuma. Ya mwisho ikipigwa, kamera imekwisha, na yeye amekwisha nayo. Hakuwa na nyingine, na kijiji hakikuwa na Mjerumani mwingine. Angeweza kuzibania zile mia moja na ishirini na nane, mbili mbili, akavuka nazo mwaka, akavuka nazo miaka. Alimtazama mama yake, mwanamke wa miaka sabini na sita, ameshika mshikio wa ndoo kuukuu ambayo hakuitupa kwa miaka kumi na miwili ingawa haikuwa na kisima cha kuitia.

"Ya mwisho ni yako," alisema.

Walihitaji kujua shata inakaa wazi kwa kiasi gani, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu Maulidi. Wakapima kwa maamkizi. Maamkizi ya kule hayana mkato. Ukianza na shikamoo huna budi ufike mwisho, na kila mtu anajua mpangilio wake. Kila Ijumaa asubuhi Mwanafatuma alisimama mbele ya ukuta, akabonyeza mara moja, na mama yake akamwamkia nyanya mwenzake aliyesimama kando. Ijumaa ya kwanza walifika kwenye "shika". Ijumaa ya pili walifika kwenye "marahaba". Ya tatu, ukuta ulirudi wakiwa kwenye hali ya watoto, na mbuzi mmoja aliyekwenda kula majani ya hoteli alipata nafasi ya kurudi, akarudi.

Picha nyingine zote zilikwenda kwenye arusi, na Shaaban hiyo watu hawajaisahau. Kwa vile kila picha ilichukua muda mrefu kuliko ya jana, maharusi walilazimika kutabasamu kwa muda mrefu zaidi, na kuna waliogundua katikati ya tabasamu kwamba kweli wamefurahi. Kuta za udongo shata ilizibeba bila taabu. Kule Msambweni ililibwaga lango la chuma la diwani mmoja, na waalikwa waliosimama nje bila kadi wakaingia, wakala, wakashukuru. Diwani mwenyewe alidhani ni ukarimu wake. Katika arusi ya Ukunda ngoma ya vugo, ile ya wanawake kugonga pembe, ilipigwa mpaka pembe moja ikapasuka, na bibi mmoja aliyekuwa hachezi tangu ukoloni alionekana katika picha ya elfu tisa mia tisa na arobaini, na miguu yote miwili haikugusa chini.

Katika hizo arusi zote Mwanafatuma alihesabu, na kila alipobonyeza alihisi furaha na uchungu kwa pamoja.

Siku ya Nusaiba iliamka imeoga kwa mvua ya usiku. Kamera ilisoma tisa tisa tisa nane. Saa nne za asubuhi wanawake ishirini na wanne walijikusanya mbele ya ukuta, wamejifunga leso za sare, Nusaiba katikati yao amefunikwa, na nyuma yake bibi yake na ndoo na kamba mpya. Kavumbi alikuwa ameagiza kwamba mpiga picha asitikisike wala asisogee, la sivyo shata itashtuka. Maana yake Mwanafatuma ndiye peke yake ambaye hangeingia. Alikuwa amelijua hilo kwa wiki mbili, hakumwambia mtu.

Alipanda juu ya kreti la soda. "Mkisikia nimefika kwenye mifugo, rudini," aliwaambia. "Kuku mnamkumbuka."

Akabonyeza.

Shata ilifunguka kwa sauti ndogo ya mtu anayevuta pumzi. Ukuta ukaondoka kwa upana wa hatua kama tisa, na upepo wa baharini, ambao kwa miaka kumi na miwili ulipita juu ya vichwa vyao, ukawapiga usoni. Mwanafatuma alianza kwa sauti, pole pole, kujiamkia na kujiitikia. Shikamoo. Marahaba. Hujambo? Sijambo.

Waliingia wanaimba. Mzee mmoja wa Kizungu aliyelala kwenye kiti cha jua aliinua kofia yake, nao wakamwinulia leso. Juu ya kisima hoteli ilikuwa imeweka kifuniko cha mbao chenye tundu, na chungu cha maua juu yake, na wageni walitupa sarafu tunduni kuomba waliyoyataka. Bibi Mejumaa alikiondoa kifuniko, akakiweka chungu chini kwa adabu, akatupa ndoo. Kamba ilikaa katika mfereji wa mama yake kana kwamba ilitoka jana. Maji yalitoka na sarafu mbili, akazirudisha, si zake.

Habari za nyumbani? Njema. Watoto? Hawajambo.

Nusaiba alioshwa miguu, mikono, uso. Maji yalikuwa baridi, akapiga kelele ya kucheka, na wanawake wakampokea kwa vigelegele ambavyo vilisikika mpaka jikoni mwa hoteli, ambako mpishi aliacha mayai yakaungua. Bibi Mejumaa alimwagia ndoo ya tatu kichwani, jambo lisilokuwamo katika desturi, na alipoulizwa baadaye alisema ndoo ya tatu ilikuwa ya Mwanafatuma.

Wazee? Wazima. Majirani? Wazima.

Hapo akaja Cornelius. Alitoka upande wa langoni na daftari lake kwapani, mwendo wa mtu ambaye hataki kumfukuza mtu lakini ameajiriwa. Cornelius alikuwa mtu wa Kakamega. Alifika pwani mwaka wa tisini na saba, mwaka mbaya wa watu wa bara kufika, na wakati wa vurugu zile za kuwafukuza alilala siku nne nyumbani mwa Bibi Mejumaa, chini ya kitanda, akilishwa muhogo. Alikuja hajui kuamkia. Alikuwa mtu wa "habari yako" na kupita zake. Bibi Mejumaa ndiye aliyemfundisha, kwa subira, shikamoo kwanza, kisha usubiri.

Mwanafatuma alifika kwenye mifugo. Wanawake walimzoa Nusaiba, maji yanamchuruzika, wakarudi mbio na nyimbo zao, mmoja, watano, ishirini na watatu. Bibi Mejumaa alikuwa wa mwisho, ndoo mkononi, hatua nne tu kabla ya mpaka.

"Shikamoo, Bibi," alisema Cornelius nyuma yake.

Mtu mwingine angepita. Lakini shikamoo ilikuwa imetolewa, tena na mwanafunzi wake. Bibi Mejumaa aligeuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Lakini Bibi, mmeingilia wapi? Sina jina lako kwa kitabu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Mwanafatuma alikuwa amemaliza maamkizi yote na kuanza tena upya. Shikamoo, alisema, kwa sauti kubwa zaidi. Marahaba. Aliona mama yake anautazama mwanya ule, anamtazama yeye juu ya kreti, kisha anakitazama kisima.

"Na mama yako?" Bibi Mejumaa alimuuliza Cornelius.

"Mama amekuwa akiumwa na mguu."

Mtu akishakwambia mama yake anaumwa mguu, humwachi hivyo. Bibi Mejumaa aliweka ndoo chini.

"Mguu upi?" aliuliza.

Shata ikafungika. Ukuta ulirudi pahali pake, na vigae vyake vya chupa, na mjusi wake.

Wanawake walisimama wanatonatona maji. Mwanafatuma alishuka kwenye kreti, akasogea ukutani, akaweka mdomo karibu.

"Mama. Umebaki."

"Nimebaki," ilijibu sauti upande wa pili, wala haikuwa na huzuni yoyote. "Nyinyi nendeni mkapike. Wali usishike ukoko. Na Nusaiba asikae na nguo mbichi."

Wakaenda wakapika. Kulikuwa na kilio kidogo njiani, wa kwanza kulia akiwa Mwanafatuma, halafu Swafwan akafika na wenzake kutoka Bongwe akaanza kusimulia jambo lililowapata njiani, akacheka kabla ya kufika mwisho, na kila mtu akacheka naye. Ilikuwa arusi nzuri. Watu walikula wakarudia. Usiku, wanaume walipotolewa, waliiweka picha ya elfu tisa mia tisa na tisini na tisa kwenye televisheni. Wote waliopita mbio walikuwa wamegeuka mistari ya rangi za leso, nyekundu na manjano, kwa vile shata ilikaa wazi mno na wao hawakutulia. Kati ya wanawake, aliyetulia ni mmoja. Bibi Mejumaa alisimama pale karibu na kisima chake, wazi mpaka mikunjo ya uso, ameinamisha kichwa kumsikiliza mtu. Nyuma yake bahari ilionekana yote.

Baada ya hapo kamera haikufunguka tena. Kavumbi aliitazama, akatikisa kichwa, akaifunga kwa kitambaa safi.

Hotelini palikuwa na tatizo la daftari. Kila aingiaye huandikwa jina, kitambulisho na saa ya kuingia, na atokapo huandikwa saa ya kutoka. Bibi Mejumaa hakuwa na saa ya kuingia. Cornelius alimweleza meneja kwamba hawezi kumwandika ametoka mtu ambaye hakuingia, safu haitalingana, na mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Meneja alimuuliza bibi mwenyewe alifika lini. Bibi Mejumaa alisema alizaliwa pale. Meneja alitafuta safu ya watu waliozaliwa pale, akakosa. Walikaa kikao siku mbili, na mwishowe aliandikwa katika orodha ya bustani, baina ya viti vya plastiki na mpira wa kumwagilia majani, kwa kuwa vitu vya bustani havihitaji saa.

Vitu vya bustani pia hutunzwa. Alipewa kibanda cha makuti karibu na kisima, na chakula. Siku ya pili alirudisha mkate akasema ni pamba, na tangu wiki ile bufee ya hoteli ina mahamri na mbaazi. Anateka maji kwa kamba yake. Wageni wanampenda. Anawakataza kutupa sarafu kisimani, nao wanaona ni mila. Kila asubuhi ya arusi hufunga ndoo kwa kamba ndefu, huirusha juu ya ukuta, na wanawake upande wa pili huipokea. Hakuna bibi arusi wa kijijini aliyeogeshwa kwa mtungi tangu hapo. Swafwan na Nusaiba wana mtoto, na bado wanachekeana.

Hoteli iliongeza safu mbili za matofali juu ya ukuta, ikaupaka rangi upya. Bibi Mejumaa aliomba kamba ndefu zaidi, akapewa. Karatasi ya mtu wa mkoba ipo ofisini, katika fremu, na bado haimwoni mtu.

Mwanafatuma alirudi kwenye hina yake. Watu walimshauri atafute kamera mpya, na yeye aliwajibu kwamba mpya haimfai kitu. Wageni wanampiga mama yake picha mchana kutwa, kwa kamera za kila aina, na kila wanapobonyeza yeye amesikia kwa masikio yake ukuta unavyolegea na kujikaza. Lakini shata zao ni changa. Zinafunguka na kufungika kabla sisimizi hajainua mguu. Cornelius aliongeza safu mpya katika daftari la lango, mwenyewe, bila kumuuliza meneja. Kila mgeni akifika huulizwa jina, paspoti, na kamera yake imepiga picha ngapi. Wageni hudhani ni ada ya nchi, na hujibu bila kusita.

Jana Cornelius alipita jioni na habari. Ameingia mama mmoja wa Kiitaliano, wa wiki tatu, mwenye kamera ya elfu nane na mia sita, na ni mtu wa kubonyeza bonyeza. Asubuhi hii wanawake kumi na mmoja wamekwisha kutandika mikeka chini ya ukuta, na chupa za chai, na ndoo. Mwanafatuma amebandika kiganja chake kwenye chokaa mpya. Ng'ambo ya pili mama wa Kiitaliano anamwambia Bibi Mejumaa atulie, atabasamu, na shata inalia. Upepo wa bahari unamgusa Mwanafatuma katikati ya vidole, unaondoka.

"Imefika 'shi'," anawaambia wenzake.

Wanamwagiana chai. Juu ya vichwa vyao mwashi wa hoteli, kwenye ngazi yake, anaweka safu ya tatu ya matofali, na anawaomba wasogee kidogo, saruji isije ikawadondokea. Wanasogea. Kisha Mwanafatuma anainua sauti, ipite juu ya mwashi na matofali yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," inajibu sauti ya ndani. "Hujambo?"

Anajibu kwamba hajambo, na wanaendelea, nyumbani, watoto, wazee, majirani, mifugo, na hapana anayeruka hata moja.